Saa Tatu za Babu

Jumapili, 2 Julai

Nimeamua. Mwaka huu Babu atakwenda ziwani. Bosi sijamwambia, binti wa Babu sijampigia, na mume wangu atasema nimejitwika mzigo usio wangu. Naandika hapa ili kesho nisijirudi.

Babu ninayemsema si wa damu. Ni mmoja wa wazee ninaowahudumia hapa Kent, jirani na Seattle, kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani iliyogeuzwa makao ya wazee. Kazi yenyewe Wabongo na Wakenya wa huku tunaijua: kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, kutoa dawa kwa saa zake. Babu ana miaka themanini na kitu, moyo unamsumbua, miguu imegoma, ila kichwa chake kiko sawa kuliko changu nikitoka zamu ya usiku. Na kila Julai ikiingia hana habari nyingine zaidi ya mbio za boti za Ziwa Washington, zile za mwanzoni mwa Agosti kwenye sherehe za Seafair pale Seattle. Kalenda ya ukutani kwake imeshazungushiwa wino mwekundu.

Mwaka jana aliziangalia kwenye televisheni, nikiwa naye. Alipunguza sauti, akaongeza, akapunguza tena. Mwisho akanirudishia rimoti akasema, "Hii siyo." Nikadhani analalamikia spika.

Jumatano, 5 Julai

Bosi amekubali kwa shingo upande. Ni mama wa kutoka Nyeri, hana maneno mengi. Alinisikiliza huku akipanga vidonge vya wiki kwenye visanduku, kisha akaniuliza, "Na huyu mzee akizimia huko kwa jua, mimi nitaandika nini kwa ripoti?" Nikamwambia aandike alizimia akiwa amefurahi. Hakucheka. Ametoa masharti: binti wa Babu atie sahihi, nesi msimamizi aseme mzee anaweza kukaa nje kwa muda gani, na siku hiyo mimi nisihesabiwe niko kazini. Maana yake hakuna malipo. Nimesema sawa, dada.

Jua limetoka kweli leo. Wenyeji wana utani wao kwamba kiangazi cha huku hakianzi mpaka sikukuu ya tarehe 4 Julai ipite, na mwaka huu imekuwa vilevile. Mlima Rainier umeonekana wote kutoka dirisha la jikoni.

Jumamosi, 8 Julai

Nimemnyoa Babu ndevu asubuhi, na kwa kuwa mtu anayenyolewa hana pa kwenda, nimemchokoza anisimulie tangu mwanzo.

Anasema zamani hizo Seattle haikuwa na timu yoyote ya ligi kubwa, si ya kikapu, si ya besiboli. Boti ndizo zilikuwa mpira wao. Mambo yalianza 26 Juni 1950, pale muuza magari mmoja wa mjini, Stanley Sayres, alipoipeleka boti yake Slo-mo-shun IV kwenye ziwa hilihili ikapimwa kilomita 258 kwa saa. Rekodi ya dunia mpaka siku hiyo ilikuwa 228, ya Mwingereza Malcolm Campbell, iliyowekwa 1939. Aliyeichora boti ya Sayres, Ted Jones, alikuwa mfanyakazi wa Boeing. Aliyeiunda, Anchor Jensen, alikuwa fundi boti wa hapohapo mjini. Mwezi uliofuata wakaipeleka Detroit, nyumbani kwa mchezo wenyewe, wakanyakua Gold Cup, kombe linaloshindaniwa tangu 1904. Kanuni ilikuwa mshindi ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Basi Agosti 1951 Detroit ikalazimika kufunga safari kuja huku, na mji mzima ukahamia ufukweni.

Babu alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimweka mabegani kwenye mteremko juu ya ziwa. Anasema kifua kilimtetemeka kabla hajaona chochote. Halafu ndipo akaona mkia mweupe wa maji ukija.

Ameniambia pia la pili la siku ile. Kwenye mzunguko wa mwisho boti ya Portland, Quicksilver, ilipiga mbizi ikapotea. Dereva Orth Mathiot na fundi wake Thom Whitaker walikufa. Baba yake alimgeuza uso akamwambia atazame miti. Nikamuuliza kama mwaka uliofuata walirudi. "Kila mwaka," akasema, "mpaka miguu ilipokataa."

Jumatano, 12 Julai

Zamu ya usiku. Nyumba imetulia, nimepata nafasi ya kuandika mezani jikoni.

Nimejua alichokuwa akikikataa mwaka jana. Nilikuwa namtafutia video za mbio kwenye simu. Nikamwekea za miaka ya karibuni, akatikisa kichwa. Nikateremka mpaka nikakuta za kizamani, boti moja ya kijani inawashwa gatini. Alininyang'anya simu akaibandika sikioni. Hakutazama picha kabisa.

Boti za sasa zinaendeshwa na injini za tabaini, Lycoming T55, zilezile zilizofungwa kwenye helikopta za jeshi aina ya Chinook. Zina nguvu na haziharibiki ovyo, ila zinapiga mluzi. Zile za enzi zake zilitumia injini za ndege za kivita zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, Allison za Kimarekani na Merlin za Rolls-Royce, silinda 12 kila moja, na hizo ziliunguruma. Watu wakaziita boti za radi. Tangu miaka ya themanini tabaini zimezifukuza injini hizo mashindanoni. Babu hana ugomvi na kasi ya sasa. Anachotaka ni mngurumo.

Na hapo mimi sihitaji kufundishwa. Nimekulia Kirumba, Mwanza. Baba alikuwa akienda dagaa usiku wa giza, na alfajiri mama alikuwa akijua mashine yake kati ya mashine zote zinazorudi mwaloni. Tukiwa bado kitandani tungesikia anasema, "Huyo," kisha sufuria inawekwa jikoni. Mashine ya baba ilikuwa na kikohozi, inakosa pigo moja halafu inaendelea. Alipokuja kununua nyingine mpya, mama alikaa wiki nzima hana raha, kwa kuwa alfajiri zote zilisikika sawa.

Sijawahi kumsimulia mtu huku habari hiyo. Nimemsimulia Babu saa tisa usiku, akiwa macho kwa ajili ya mguu. Akaniuliza, "Silinda ngapi?" Nikamwambia mbili. Akafikiri sana, akasema hata mbili zinatosha kama masikio yako ni mazuri.

Jumamosi, 15 Julai

Kumbe makumbusho ya boti za mbio, Hydroplane and Raceboat Museum, yako hapahapa Kent, katikati ya maghala, upande uleule anakofanya kazi mume wangu. Tumepita hapo mara nyingi bila kujua. Leo nilikuwa huru, nimekwenda na mwanangu kupeleleza.

Sikutarajia zingekuwa kubwa vile. Nilidhani boti ya mbio ni kitu chembamba, kumbe ni pana, imelala, na ile ya kisasa ina uzito wa tani tatu hivi. Mzee mmoja anayejitolea pale alimwinamisha mwanangu aone chini. Mbele kuna mabega mawili yaliyojitokeza, kushoto na kulia. Boti ikishika kasi, sehemu yake kubwa inanyanyuka na kukaa juu ya hewa. Kinachogusa maji ni ncha za mabega hayo mawili na nusu ya propela kule nyuma. Nusu ya juu ya propela inazunguka nje ya maji, na ndiyo inayotupa ule mkia mrefu. Mwanangu alielewa kabla yangu: ni kigae tunachokirusha kikaruka juu ya ziwa, ila hiki kina injini.

Upande wa kushoto kuna bamba la chuma linalosimama wima majini, kwa sababu wanakata kona kushoto tu. Bila bamba hilo boti ingeteleza moja kwa moja mpaka kwenye bustani ya mtu.

Kitu kinachokaa juu ya hewa kinaweza kuchukuliwa na hewa. Mzee yule alituonyesha chumba cha dereva cha kisasa: kifuniko cha ndege ya kivita ya F-16, mikanda kila mahali, na mlango mdogo chini ya miguu, maana boti ikipinduka chini ndiko kunakuwa juu. Haya yalikuja baada ya misiba. Juni 1966 madereva watatu walikufa siku moja mjini Washington, D.C. Bill Muncey, aliyeshinda Gold Cup mara nane, boti yake ilinyanyuka ikageuka chali huko Acapulco mwaka 1981. Mwaka uliofuata akafa Dean Chenoweth kwenye Mto Columbia. Enzi hizo dereva alikaa wazi, kifua nje. Vifuniko vilipoanza kufungwa, wakaanza kuonekana watu wanaopinduka na kutoka wakitembea.

Nimeuliza lililonipeleka: je, injini za zamani zinawashwa bado? Akasema boti kadhaa za hapo zimefufuliwa na watu wa kujitolea mpaka zinakimbia, na wikiendi ya Seafair huwa wanazishusha ziwani kwa maonyesho, katikati ya mashindano yenyewe. Hakuna kushindana, ni kuzunguka na kusikika.

Babu sijamwambia. Nataka kwanza ruhusa ya binti yake.

Jumanne, 18 Julai

Binti yake amepiga simu kutoka Spokane. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, nikakuta yeye ndiye analia. Amesema tangu mama yake afe hakuna aliyemtoa baba yake kwenda popote isipokuwa hospitali. Fomu ameirudisha jioni hiyohiyo, na picha juu yake.

Picha yenyewe: mtoto wa kiume juu ya baiskeli, soksi zimeshuka, na nyuma ya baiskeli kamba inayovuta boti ya ubao imelala kwenye lami. Babu alipoiona alicheka mpaka akakohoa. Anasema watoto wote wa Seattle walikuwa nazo. Unakata ubao kwa umbo la boti yako unayoishabikia, unaipaka rangi zake na namba yake, unaifunga kwa kamba, halafu mtaa mzima mnashindana. Ubao ulilika chini kwa lami, mkapigilia bati. Bati lilipiga kelele, na kelele ndizo zilizotakiwa.

Jioni mwanangu amemwomba baba yake ubao. Mume wangu, ambaye mpaka leo alikuwa hataki kusikia habari za boti, ameleta kipande cha paleti ya mbao iliyovunjika ghalani. Sasa wanabishana gereji kuhusu upana wa mabega.

Jumapili, 23 Julai

Baada ya ibada ya Kiswahili nimekwenda kukagua uwanja kwa miguu yangu.

Njia ya kwanza ni treni. Unaacha gari Angle Lake, unapanda mpaka Columbia City, halafu unatembea zaidi ya kilomita moja na nusu mpaka ziwani kupitia Genesee Park. Kwa mtu wa miguu ni mchezo. Kwa kiti cha magurudumu, kona za barabara zina miteremko, lakini ndani ya bustani ni nyasi, na nyasi zikikanyagwa na maelfu ya watu gurudumu la mbele linazama. Nimesukuma kiti kitupu cha akiba pale ili nione, watu wakinitazama. Bora shemeji, mume wa dada yangu, atushushe kwa gari karibu na lango, mapema, kabla ya barabara za jirani kufungwa.

Gati la boti za mbio lipo kwenye rasi ndogo inayoitwa Stan Sayres, kwa jina la yule muuza magari. Kreni ndizo zinazonyanyua boti kutoka nchi kavu na kuziweka majini. Upande wa kaskazini linaonekana daraja la I-90, linaloelea juu ya ziwa. Ng'ambo ni kisiwa cha Mercer na majumba ya wenye nazo. Kwenye mbio, wenye boti zao hujifunga kwenye mnyororo wa magogo pembeni mwa njia wakatazama wakiwa wamelala. Sisi wa nchi kavu tuna nyasi.

Nimekaa kidogo kwenye ukingo. Ziwa hili lote ni kama kilomita za mraba 88. La kwetu ni zaidi ya 68,000. Hapa unaona mpaka mbwa wa ng'ambo. Kule Mwanza ukishavuka visiwa huoni kitu, na kila mtu ana mtu aliyechukuliwa na maji. Mwaka wa MV Bukoba, 1996, mtaa wetu ulikuwa na matanga mfululizo. Ndiyo maana mama akisikia nampeleka mzee "ziwani kucheza" atanikatia simu. Kwetu ziwa ni barabara na ni shamba. Kulifunga wikiendi nzima watu wapige duara na kurudi walikotoka, hilo sitamweleza akaelewa, wala sijui kama nimelielewa mimi.

Kivuli: miti iko nyuma, mbali na maji. Itabidi mwavuli mkubwa. Vyoo vya walemavu: niulize.

Alhamisi, 27 Julai

Babu amenifundisha namna ya kutazama, kwa kutumia vijiko kwenye trei ya uji.

Nilidhani wanajipanga mstari halafu bunduki inalia. Sivyo. Boti hizi hazina breki, na ukiziwasha zinataka kwenda. Kwa hiyo wanaanza wakiwa mbioni. Kuna saa kubwa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na kwa dakika hizo madereva wanazungukazunguka, wanatishana, wanaviziana kwa ajili ya njia. Njia ya ndani ni fupi lakini kona zake ni kali. Ya nje ni ndefu lakini unaweza kukaa na mguu chini. Kazi yote ni kufika kwenye mstari wa kuanzia ukiwa na kasi kamili sekunde ileile saa inapofika sifuri. Ukiwahi unaadhibiwa. Ukichelewa unakula maji ya mwenzako, na mkia wa maji ukiingia kwenye injini unaweza kuizima.

"Watu wengi," akasema, "wanafungua macho boti zikishavuka mstari. Wameshakosa nusu."

Basi hapo nimeziheshimu. Mume wangu bado anahesabu mafuta. Anasema kwa mafuta ya Jumapili moja wavuvi wa Ukerewe wangekwenda dagaa mwezi. Simbishii. Nimemwuliza tu kama Simba na Yanga wanapocheza huwa anahesabu umeme wa taa. Amekwenda gereji kupaka boti rangi.

Jumapili, 30 Julai

Wikiendi hii mbio ziko Tri-Cities, kwenye Mto Columbia, mashariki ya milima. Zikimalizika boti zinapakiwa kwenye malori na kuja huku. Babu amezifuatilia redioni akiwa amefumba macho.

Mpango wetu kama ulivyo leo: Jumapili ijayo, siku ya fainali. Tiketi za familia nimeshanunua. Dada yangu na shemeji wanatoka Tacoma. Chakula: chapati, kuku wa kukaanga, kachumbari kwenye chombo chake ili isilowanishe chapati, chungwa la Babu badala ya soda. Dada ameuliza kama tuchukue na pilau. Nimemwambia tunakwenda kutazama boti, hatuendi kuoza mtu. Amesema atakuja na pilau.

Watoto wanataka ndege za jeshi, Blue Angels, zinazorushwa siku hizohizo juu ya ziwa. Sawa. Kila mtu ana yake ya kutazama.

Jumatano, 2 Agosti

Nesi msimamizi amekuja. Amepima, amesikiliza moyo, amesoma faili, amesema: saa tatu. Si zaidi. Kidonge cha kupunguza maji mwilini atakinywa tukirudi ili asihangaike na choo, shinikizo la damu nilipime kabla hatujatoka na tukirudi, maji kidogokidogo, kofia, na masikio yafunikwe.

Hilo la masikio Babu alilipinga. Wameafikiana kwamba atavua vifaa vyake vya kusikia na kuvaa vile vya kuzuia kelele vya mafundi, na kwamba atavinyanyua akitaka. Nesi alijifanya hakusikia neno la mwisho.

Saa tatu zimeharibu hesabu. Jumapili mbio zinakwenda kutwa na fainali inakuja alasiri, baada ya ndege. Ukimleta asubuhi, saa tatu zinakwisha kabla ya fainali. Ukimleta alasiri, anakutana na jua kali na umati wote. Nilikwisha kuanza kupanga: tuingie saa nane, tuondoke kombe likishatolewa. Niko katikati ya kuandika saa, ndipo nikaona sijamwuliza mwenye siku.

Nimemwuliza leo, na habari ya boti za zamani nimempa hapohapo. "Babu, una saa tatu. Unazitaka zipi?"

Hakufikiri. Jumamosi, akasema, ambayo haina watu wengi, wakati zile za makumbusho zinaposhushwa. Anataka awe karibu na kreni zinapowashwa baridi. Fainali? Amepunga mkono. Ameshaona washindi wengi, anasema, na wengine wao amewazika.

Alhamisi, 3 Agosti

Ndege zimeanza mazoezi. Wenzetu wa Seattle wanalalamika foleni; huku Kent ni kelele za mbali tu.

Tatizo la Jumamosi ni moja: niko zamu. Nimempigia mwenzangu wa Bukavu, ambaye Jumapili ndiyo zamu yake. Nimejieleza kirefu, na nesi, na injini. Akaniacha nimalize, akasema, "Yaya, unge sema tu 'tubadirishe'." Basi tumebadilishana. Bosi ameandika kwenye ubao bila neno, kisha akaenda stoo akarudi na mwavuli wa ufukweni ambao sikujua anao.

Kwa hiyo Jumapili mimi niko kazini. Tiketi yangu nimempa dada, aje na shoga yake. Watoto wamenung'unika, halafu wakasikia pilau ipo, wakanyamaza. Mwanangu ameuliza kama anaweza kuja Jumamosi pia, na boti yake. Imekamilika juzi: kijani, mkia wa bati la kopo la maziwa, namba imepakwa kwa mkono wa baba yake ambaye hana habari na boti. Nimemkubalia, kwa sharti asiivute karibu na viti vya magurudumu.

Mpangilio wa Jumamosi:

Saa moja: kumwogesha Babu, uji, shinikizo la damu.
Saa mbili: dawa za asubuhi, isipokuwa ile moja.
Saa tatu: shemeji anafika. Kiti, mwavuli, blanketi jembamba, nepi za akiba, chungwa, maji, simu ya nesi.
Saa nne mpaka saa saba: zake.
Saa saba kamili: tunaondoka, hata kama boti iko hewani.

Dada ameniuliza kwenye simu kama sitajuta kuikosa fainali baada ya kuhangaika mwezi mzima. Nimemwambia mshindi nitatajiwa Jumapili jioni, kwa kasi yake na sekunde zake, na watoto watanichezea mpaka kona zote mezani kwa vijiko. Ile injini ya silinda 12 ikiwashwa Jumamosi nisiwepo, hakuna mtu anayeweza kuja kunihadithia. Na nataka nijue kama inakohoa.